Je, Wajua? Kiti cha Pili Nyuma ya Mikisa

Je, wajua kwamba Dar es Salaam mtu hakodi spika, anakodi muziki? Mwenye shughuli akikwambia "muziki nimeshalipia", usidhani bendi inakuja. Anamaanisha spika, amplifaya, mikisa, maiki, waya na yule kijana atakayekaa nyuma ya meza tangu saa nane mchana hadi bibi harusi aondoke. Kijana huyo ni fundi mitambo. Sauti ikiwa nzuri, hakuna anayemkumbuka. Maiki ikipiga mluzi mara moja tu, ukumbi mzima unageuka kumtazama. Safu ya leo ni yake.

Wajua kwamba neno "mhandisi" lina mwenyewe? Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, inamtaka anayejitambulisha na kufanya kazi kama mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Nasema hili kwa aibu kidogo, maana niliwahi kuchapisha kadi 100 Kariakoo zenye jina langu na chini yake "Mhandisi wa Sauti". Kadi ya kwanza nilimpa mteja, kumbe ni mhandisi wa barabara aliyesajiliwa. Akaisoma, akaniuliza namba yangu ya usajili. Zilizobaki 99 nikazigeuza karatasi za kuandikia orodha ya waya. "Fundi mitambo" ni jina la heshima, na halina kesi.

Na je, wajua kwamba chama kikubwa cha mafundi sauti duniani, Audio Engineering Society au kwa kifupi AES, kilianzishwa New York mwaka 1948? Jarida lake lilianza kutoka 1953. Uanachama ni wa mtu mmoja mmoja, popote alipo, na kuna daraja la wanafunzi. Ukiwa na intaneti hapa Kivukoni unaweza kusoma makala zilezile anazosoma fundi wa London. Kama utazisoma ni suala jingine, nitalirudia.

Sasa tuutazame waya kwa karibu, kwa sababu uliwahi kunitoa jasho.

Chukua waya wa maiki wenye plagi ya XLR. Itazame usoni: ina miguu mitatu, na kila mguu una namba yake ndogo pembeni, ndogo kiasi kwamba wengi hawajawahi kuiona. Mguu wa 1 ni ngao, wa 2 ni chanya, wa 3 ni hasi. Je, wajua kwamba zamani viwanda havikukubaliana juu ya hilo? Wapo waliofanya mguu wa 3 kuwa chanya. Waliolimaliza jambo kwa maandishi ni AES, kwa kiwango chao kiitwacho AES14 cha mwaka 1992: mguu wa 2 ndio chanya, basi. Hawakuwa na polisi wa kumkamata anayekaidi. Walikuwa na kamati tu, watu waliokaa meza moja wakabishana mpaka wakakubaliana.

Lakini waya unaounganishwa kwa mkono, usiku, kwa soda ya risasi inayoelekea kuisha, hausomi viwango. Miaka ya mwanzo ya kazi nilifunga muziki kwenye ukumbi mmoja wa mjini, kwaya ya watu ishirini na kitu, maiki mbili zimesimama mbele yao, hatua moja kati ya moja na nyingine. Nikafungua zote mbili. Sauti ikatoka nyembamba, kama kwaya inaimba ndani ya debe. Nikaongeza besi, haikuja. Nikaongeza tena, spika zikaanza kunguruma lakini sauti za wanaume hazipo. Mwenye shughuli akaja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole.

Kwenye viti vya wageni kulikuwa na mzee aliyewahi kufanya kazi ya mitambo ya redio. Akanyanyuka, akaja kusimama nyuma yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu funga maiki moja."

Nikafunga. Besi ikarudi yote, wanaume wakasikika kana kwamba ndiyo kwanza wameingia mlangoni.

"Fungua tena ile nyingine."

Nikafungua. Wanaume wakapotea.

"Waya mmojawapo umegeuzwa," akasema. "Huu unasukuma, ule unavuta. Unategemea nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye waya mmoja, aliyeunganisha alibadilisha mguu wa 2 na wa 3. Kwaya ile ile inaingia kwenye maiki mbili, lakini moja inaiambia spika itoke nje, nyingine inaiambia irudi ndani. Mawimbi marefu ya besi yanafutana, yanabaki yale membamba ya juu. Na aliyeunganisha, msomaji wangu, ni mimi mwenyewe, wiki moja kabla.

Tangu siku hiyo sitoki na waya bila kuupima kwa mita: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Dakika moja kwa kila waya. Lakini najiuliza: asingekuwepo mzee yule, ningejifunza lini?

Wajua kwamba kwa miaka mingi nchi hii swali hilo halikuwepo? Utangazaji hapa Dar ulianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi iliyotaka kurekodi ilikwenda RTD, ikapiga wimbo wote kwa pamoja, na kijana aliyeajiriwa mitamboni alimkuta mkubwa wake ameshakaa. Kulikuwa na kiti cha pili nyuma ya mikisa. Kijana alikaa hapo, akatazama mkono wa mwenzake, akakemewa, akaelewa.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua milango kwa redio binafsi. Studio za muziki nazo zikaota: MJ Records ya Master J, Bongo Records ya P-Funk Majani, na nyingine nyingi. Ilikuwa neema, nani atabisha. Kazi zikaongezeka, muziki wa kizazi kipya ukapata kwao. Ila kompyuta zilipokuwa rahisi, kila chumba kikawa studio, na katika chumba hicho kuna kiti kimoja. Fundi wa leo anajifunza peke yake usiku, kwa video za watu wasiojua kwamba umeme wa kwetu unaweza kushuka katikati ya wimbo.

Kwa maoni yangu faida ya kwanza ya chama cha kitaaluma ni kukirudisha kile kiti cha pili. Cheti na kadi ya plastiki vinakuja nyuma sana.

Je, wajua neno "kilemba" lina maana nyingine mbali na kitambaa cha kichwani? Katika ufundi wa Kiswahili, kilemba ni zawadi anayotoa mwanafunzi kwa fundi wake akishahitimu. Seremala, mshona viatu, mfua chuma, wote walikuwa na habari hiyo. Aliyekuwa amepokea kilemba chako ndiye aliyekuwa shahidi wako: ukienda mji mwingine, swali lilikuwa "fundi wako nani?" Siku hizi wanaliita marejeo ya kazi.

Wajua kwamba fundi sauti na kibodi yake wanadaiwa na mkutano wa chama? Mwaka 1981, katika mkutano wa AES, Mmarekani Dave Smith alipendekeza njia moja ya kuziwezesha kibodi za viwanda tofauti kuzungumza. Kutokana na mawazo hayo, na kazi ya watu kama Ikutaro Kakehashi wa Roland, mwaka 1983 ikatoka MIDI. Midundo ya Bongo Flava imetengenezwa juu ya lugha hiyo.

Na wajua kwamba mwaka 2012 wanawake wawili, Karrie Keyes na Michelle Sabolchick Pettinato, walikaa meza moja ya majadiliano kwenye mkutano wa AES, na mwaka uliofuata wakaanzisha SoundGirls, mtandao wa wanawake wa kazi za sauti? Kila mmoja alikuwa na miaka mingi kazini. Dada unayefunga muziki Kariakoo na kuulizwa kila mara "fundi yuko wapi?", mtandao huo ni wa watu kama wewe. AES yenyewe imewahi kuongozwa na wanawake, Elizabeth Cohen akiwa wa kwanza.

Turudi nyumbani. Kata ya Kivukoni ni ya pantoni, soko la samaki la Feri, kengele za Azania Front na kumbi za mikutano. Bandari iko jirani. Je, wajua kwamba Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda kwa kufuata reli hadi miji ya bara? Kuli mmoja akiomba nyongeza anafukuzwa, na nje wanasubiri kumi. Makuli wote wakiweka chini magunia, meli hazishushi. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake.

Na je, wajua kwamba chama cha wafanyakazi kiliwahi kumiliki bendi? Mwaka 1964 chama cha NUTA kilianzisha NUTA Jazz, kikanunua vyombo na kuwaweka wanamuziki kwenye mshahara wa mwezi. Chama kilivyobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA, kisha OTTU, na leo unaijua kama Msondo Ngoma. Umri wake umepita miaka 60. Nionyeshe bendi ya mtu mmoja mwenye fedha iliyodumu hivyo.

Wajua sheria ya hakimiliki inamlinda nani kwenye wimbo? Sheria Na. 7 ya 1999, iliyoizaa COSOTA, inamtambua mtunzi, mwimbaji na mpigaji, mtayarishaji wa rekodi, na kituo cha utangazaji. Itafute orodha hiyo juu na chini: fundi aliyekaa akipandisha na kushusha sauti hayumo. Kama umetengeneza mdundo, wewe ni mtunzi, kajiandikishe. Kama umegharamia rekodi, wewe ni mtayarishaji. Kama ulirekodi na kuchanganya sauti tu, ulichonacho ni mkataba wako, na kama mkataba wenyewe ulikuwa "tutaongea", huna kitu. Hapa chama kina kazi nyingine ya maana, mbali na mafunzo: karatasi moja ya mkataba iliyoandikwa na mwanasheria mmoja, inayotumika na mafundi wote, ili mteja asimkimbie mwenye mkataba kwenda kwa asiye nao.

Na maofisi ya Kivukoni? Wizara nyingi zimehamia Dodoma, lakini semina na mikutano bado ipo, na wanaokodi muziki wanataka TIN na risiti ya EFD. Zabuni za serikali tangu 2023 zinapita kwenye mfumo wa NeST. Kijana mmoja mwenye spika nne na moyo safi atapata shida kuingia humo. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza. Tena je, wajua kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu? Neno lenye uzito hapo ni "vikundi".

Tupige za haraka.

Wajua kwamba kuongeza desibeli 3 ni kudai nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya, lakini sikio halioni kama sauti imezidi maradufu mpaka uongeze desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi? Ndiyo maana amplifaya zinaungua kwenye sherehe ambazo mjomba wa bwana harusi anasema "ongeza kidogo".

Wajua kwamba hewa ya Dar ikiwa na nyuzijoto 30, sauti inakwenda mita 349 hivi kwa sekunde? Ukiweka spika za nyongeza mita 70 kutoka jukwaani, kama pale Mnazi Mmoja, zicheleweshe kwa sehemu 2 za kumi za sekunde, la sivyo watu wa nyuma watamsikia mhutubu mara mbili. Hesabu hiyo niliipata kwenye mafunzo ya siku moja. Kazini nilikuwa nimeikosea kwa miaka minne.

Wajua kwamba kwa vipimo vya usalama kazini vinavyotumika sana, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu? Desibeli 100, robo saa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango cha kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100. Sisi tunakaa humo saa sita. Mwajiriwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015. Fundi wa kujitegemea anayeanza kusikia mluzi masikioni usiku ana mke wake wa kumlalamikia.

Wajua kwamba kuna kanuni za kelele za 2015 chini ya sheria ya mazingira, na kwamba wasimamizi wa mazingira wana mamlaka ya kukifungia kiwanja chako? Fundi akibishana nao peke yake anaonekana mlevi wa baa. Chama kikienda na vipimo kinasikilizwa.

Wajua pa kusomea? TaSUBa Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inafundisha muziki na utayarishaji wa sauti. Zanzibar kuna DCMA, chuo cha muziki cha nchi za majahazi, tangu 2002, na tamasha la Sauti za Busara, tangu 2004, ambapo fundi anaweza kutazama bendi tano zikibadilishana jukwaa usiku mmoja pale Ngome Kongwe. Kwa elektroniki yenyewe, taasisi ya teknolojia ya DIT iko hapahapa Dar, na mizizi yake ni ya 1957. Kwa wanafunzi, AES ina mashindano ya kurekodi na ya kubuni vifaa. Ukishindana, kazi yako inasikilizwa na watu ambao hawakujui, hawajali unatoka wapi, na watakwambia ukweli kuhusu besi yako.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Kadi ya chama haimpi mtu kazi. Nawajua mafundi wenye kadi za ng'ambo ambao hawajafungua hata makala moja, na kadi imekaa kwenye pochi karibu na picha ya mtoto. Ada hiyo ingenunua waya. Kabla hujalipa chama chochote, cha hapa au cha nje, uliza mkutano wa mwisho ulikuwa lini, nani alifundisha, mwanachama aliyedhulumiwa mwaka jana alisaidiwaje, na hesabu za fedha ziko wapi. Katibu akianza kuzungumzia fulana za chama, muage kwa adabu. Vyama vya wasanii tumeviona vingi vinavyoamka siku ya uchaguzi na kulala kesho yake.

Lakini usitumie ubovu wa vyama kama kisingizio cha kukaa peke yako. Hata "mchezo" wa mafundi sita wanaochangishana kila mwezi kununua mikisa kwa zamu ni mwanzo, mradi siku ya kukabidhiana fedha mkae saa moja mpimane waya.

Je, wajua idadi inayotakiwa? Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, waajiriwa 20 wanatosha kuunda chama cha wafanyakazi. Kwa sisi tusio na mwajiri kuna Sheria ya Jumuiya ya mwaka 1954, ambayo kwake watu 10 ni jumuiya. Jana usiku, baada ya kushusha spika, nilihesabu kwenye simu yangu mafundi mitambo ninaowajua kati ya Feri na Msimbazi. Nimepata 43. Atakayeleta daftari, aandike jina langu kwanza, na aje na mita.